Kichupa chenye Uzi Mwekundu

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Tukuyu mjini, na katika miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na malori yalipoanza kupandisha mabelo ya mitumba kwenye milima yetu, alishikwa na hofu. Simaanishi hofu ya kukosa wateja, ingawa wateja walipungua kweli. Hiyo angeweza kuizungumza. Hii nyingine ilimjia akiwa ameketi, cherehani imesimama, mvua inanyesha kama kawaida yake, hakuna aliyemwambia neno. Alishtuka kama mtu aliyeitwa. Akatoka nje, akatazama barabara, akarudi, akagusa kufuli, akaketi, akasimama tena.

Kabla ya hapo alikuwa mtu mtulivu kuliko wote niliowajua. Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, akaoa huku juu, akazikwa huku, na sisi tukabaki kuwa wale watu wachache wa msikitini katikati ya Wanyakyusa, tunaosema Kinyakyusa sokoni na Kiswahili nyumbani. Baba alishona sare za shule, suti za arusi na kanzu za Idi. Alikuwa akipima mtu kwa macho, futi ya nguo ikining'inia shingoni bila kazi. Sasa mikono ileile ilikuwa ikitetemeka akitunga uzi, na ilimbidi amwite Mama amtungie.

Alikwenda zahanati, wakamsikiliza moyo, wakasema mzima. Shehe akamsomea, akapata nafuu siku tatu. Akaacha kwenda msikitini siku za Ijumaa, kwa sababu alisema akiwa katikati ya safu, watu kulia na kushoto, pumzi inamkatika. Baadaye akawa hata hatoki nje ya baraza. Siku moja alimwambia Mama, nami nikiwa nimeinama nafagia, kwamba moyo wake unakwenda mbio umemwacha nyuma, na yeye hana nguvu ya kuukimbiza.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi fupi ya maabara, na nilikuwa nimekaa nyumbani mwaka mzima nikisaidia kushona vifungo. Ndipo yule tuliyemwita Daktari akarudi kutoka masomoni ng'ambo.

Alikuwa Mnyakyusa wa hapahapa, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sweta moja la kijivu ambalo sikuwahi kumwona hajalivaa. Hakuwa daktari wa kutibu watu. Alikuwa amesomea kinachotokea kwenye ubongo wa mnyama anapoogopa. Kwenye kituo kimoja kidogo cha mifugo, upande wa Kyimo, alikuwa amepewa vyumba viwili vilivyokuwa stoo ya dawa za kuogeshea ng'ombe. Alitafuta mtu anayejua kusoma mizani na asiyeogopa panya. Nilikwenda. Nilikuwa naogopa panya, lakini sikusema.

Alinieleza kazi yenyewe siku ya kwanza, akiwa amesimama mlangoni, mvua ikimlowesha mgongo. Mnyama akitishwa, alisema, ubongo wake unatoa homoni, na homoni hiyo inaamsha nyingine, mpaka mwili mzima unakuwa tayari kukimbia au kupigana. Hilo ni jema. Ubaya ni pale hatari inapopita na mwili usijue kwamba imepita. Homoni haifanyi kitu peke yake. Lazima ifike kwenye kipokezi chake, sehemu ndogo mno juu ya chembe ya mwili iliyotengenezwa kwa ajili yake tu. Akatafuta mfano, akatazama gauni langu.

"Wewe ni binti wa fundi," alisema. "Homoni ni kifungo. Kipokezi ni tundu la kifungo. Mimi nina dawa inayoliziba tundu. Kifungo kipo, lakini hakina pa kuingia. Nataka kujua kama panya atapungukiwa na hofu."

Nilimwelewa mara moja. Na kabla hajamaliza kusema nilikuwa tayari namfikiria Baba.

Panya walikuwa weupe, wenye macho mekundu, kila mmoja kama robo kilo. Walitunzwa na mzee mmoja wa Kawetele aliyechunga ng'ombe wa kituo hicho tangu akiwa kijana, na ng'ombe walipouzwa akahamishiwa kwa panya bila kuulizwa. Aliwalisha pumba na dagaa, akawabadilishia maranda, na kuwasemesha Kinyakyusa. Kila asubuhi alinisalimu, "Ugonile," nami nikaitikia, halafu hatukusemeshana tena mpaka saa ya chai. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa banda na wa kabati la dawa.

Kazi ilikwenda hivi. Panya alichomwa sindano ndogo, akasubiriwa, kisha akaingizwa kwenye kibomba cha wavu wa waya kilichombana asiweze kugeuka. Hilo ndilo lilikuwa tishio lake. Baada ya muda alitolewa, akawekwa katikati ya mbao mbili zilizokingamana, zilizoinuliwa juu ya miguu hadi usawa wa kiuno. Pande mbili za mbao zilikuwa na kuta, pande mbili zilikuwa wazi, hazina ukingo. Panya mwenye hofu hujificha penye kuta. Asiye na hofu nyingi hutoka penye uwazi, akachungulia chini, akanusa. Kazi yangu ilikuwa kukaa kimya kwenye kigoda na ile saa ya kubonyeza wanayotumia kupimia wakimbiaji, nihesabu ni muda gani kila panya amekaa nje.

Mzee aliziita mbao zile msalaba. Mama aliposikia alicheka, akasema binti wa madrasa kutwa anachunga msalaba. Baba hakucheka. Aliniuliza kama panya wakiwa ndani ya waya wanalia. Nikamwambia wengine hulia, wengine hunyamaza tu na kujisaidia. Akaniangalia, akasema, "Wale wanaonyamaza ndio walio pabaya," kisha akatoka kwenda kugusa kufuli.

Dawa ilikuja katika vichupa vya aina mbili. Aina moja ilikuwa dawa yenyewe, nyingine ilikuwa maji ya chumvi tu, ya kulinganishia. Vyote vilifanana. Mwalimu wa Daktari huko ng'ambo alikuwa ameviandika alama, na siri ya alama hizo ilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, ili Daktari asijue na mimi nisijue, tusije tukaona tunachotaka kuona. Ili kuturahisishia kazi, nilileta uzi kutoka barazani kwa Baba, mwekundu na wa buluu, nikafunga shingo za vichupa kufuatana na alama zile. Panya nao nikawapaka wino mkiani, mwekundu au wa buluu, kufuatana na kichupa cha kila mmoja.

Ningekuwa mtu mwenye utulivu, ningeifanya kazi ile vizuri. Lakini nilikuwa na haraka. Kila panya aliyepanda juu ya mbao nilimwangalia kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani wa ndugu yake. Magoti yalinicheza. Daktari alinionya mara mbili kwamba panya anasikia kigoda kikitikisika.

Wiki ya tatu akaja panya mmoja wa wino mwekundu. Alikuwa ametoka kwenye waya, manyoya yamelala upande mmoja kwa jasho la mikono yangu. Nilimweka katikati ya mbao. Hakukimbilia kwenye kuta. Alitembea polepole hadi ncha ya upande wa wazi, akaketi, akainua mikono yake miwili, akanawa uso. Alinawa uso mzima, nyuma ya masikio, kisha akajilamba tumbo. Chini yake kulikuwa na sakafu ya saruji na yeye alikaa pale kama mtu aliyeketi uani kwake Jumapili.

Saa ilikuwa mkononi mwangu na nilikuwa nalia.

Siku ileile nilimwuliza Daktari kama dawa hii mtu anaweza kuitumia. Nilijitahidi kuuliza kama jambo la kawaida, huku nikifua vitambaa. Alisema hapana. Alisema hatujui inafanya nini kwenye ini la binadamu, hatujui kipimo, na hatujui hata panya mwenyewe atakuwaje baada ya miezi mitatu, kwa sababu hakuna aliyewaangalia miezi mitatu. Pengine itachukua miaka ishirini, pengine isifike popote. Halafu akaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema nilitaka kujua tu.

Tangu siku hiyo niliamini kwamba dawa ni ile ya uzi mwekundu, nikaanza kuwapendelea panya wa wino mwekundu. Sikukaa nikapanga. Ila panya mwekundu akisimama nusu ndani, nusu nje, kidole changu kilimhesabia yuko nje. Wa buluu akisimama vilevile, kidole kilisubiri. Sekunde moja hapa, mbili pale. Nilijua nafanya nini na sikujua, vyote viwili.

Nyumbani mambo yalizidi. Siku moja Mama alimkuta Baba amesimama nyuma ya mlango wa chumbani, mchana, ameshika mkasi, anasema kuna watu wa halmashauri wanakuja kuivunja baraza. Hakukuwa na watu. Kulikuwa na lori la ndizi limezima injini. Mama alimnyang'anya mkasi taratibu, akamkalisha, akamshika mkono mpaka alasiri. Nilipofika nilimkuta Mama bado ameketi vilevile, chakula hakijapikwa, na akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amechoka na anaogopa kuchoka.

Ijumaa iliyofuata nikaiba kichupa.

Haikuwa kazi ngumu. Mzee alikuwa amefungua kabati ili Daktari achukue vitu vyake, akaenda kuteka maji. Daktari alikuwa chumba cha pili. Nilichukua kimoja chenye uzi mwekundu, nikakizungushia kipande cha kanga, nikakitia chini ya kikapu changu, juu yake nikaweka maparachichi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakokotoa. Panya robo kilo anapewa kiasi hiki. Baba hazidi kilo sitini sasa. Nilizidisha, nikagawanya, nikapata jibu, nikalisahau, nikaanza upya. Watu walinisalimia njiani nikawapita.

Siku mbili nilikaa na kichupa kile. Jumamosi nilikihamisha kutoka kwenye kikapu hadi kwenye kopo la vifungo, kutoka kwenye kopo hadi chini ya godoro langu, kutoka chini ya godoro hadi kwenye kikapu tena. Sikujua inanywewa au ni ya sindano tu. Mara mbili nilimimina chai ya Baba na kusimama na kikombe jikoni mpaka chai ikapoa, nikaimwaga, nikamimina nyingine. Mama aliniuliza nina nini. Nikasema baridi. Jumapili sikuweza kumeza chakula. Nikasikia moyo wangu mwenyewe masikioni, na kwa mara ya kwanza nikapata kuelewa kidogo tu Baba alikuwa akiishi wapi.

Jumatatu nilipofika kituoni, Daktari alikuwa amevipanga vichupa vyote mezani na kuvihesabu. Mzee alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi. Daktari hakumfokea. Alisema tu kwamba kimoja hakipo, na ufunguo ni mmoja, na mpaka hapo jambo litakapoeleweka ni bora Mzee apumzike nyumbani. Mzee akautoa ufunguo mfukoni. Ulikuwa umefungwa kamba ya mgomba. Aliifungua kamba, akaikunja, akairudisha mfukoni kwa sababu ni yake, akaweka ufunguo mezani. Kisha akasema, "Ndaga, Daktari," yaani ahsante, kama alivyosema kila jioni akiaga, akatoka. Alipita karibu yangu. Hakuniangalia.

Nami sikusema kitu. Niliingia bandani, nikawalisha panya mimi, nikawabadilishia maranda, nikamwaga maji ovyo. Siku nzima nilikuwa nikijiambia kwamba nitasema baada ya panya huyu, baada ya huyu, baada ya chai.

Nilimwambia Baba kwanza, jioni ileile. Jua lilikuwa bado halijatua, na ukungu ulikuwa umeshafika kwenye mabati. Alikuwa barazani, mbele ya cherehani iliyofunikwa. Nilimwekea kichupa kwenye meza ya kukatia nguo na kumweleza kila kitu: panya, waya, mbao, yule aliyenawa uso, mahesabu yangu ya njiani. Nilisema haraka bila kupumzika. Aliniacha niseme mpaka mwisho.

Akakichukua, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa na maji meupe, yasiyojaa kijiko.

"Inanywewa au inachomwa?" aliuliza.

"Wao tunawachoma. Sijui ukinywa."

"Na yule panya alinawa uso kweli?"

"Alinawa, Baba."

Alikaa nacho muda mrefu. Nilimwona anavyotaka. Sijapata kumwona mtu akitaka kitu namna ile, hata mwenye kiu. Kidole chake gumba kilikuwa tayari kwenye kifuniko, na lau angekifungua nisingemzuia. Nasema hivi kwa sababu miaka mingi nilijidanganya kwamba ningemzuia.

Kisha akaniuliza kama huko kazini wamegundua. Nikasema ndiyo. Akauliza wamesemaje. Nikasema wamemrudisha Mzee nyumbani. Akauliza Mzee yupi, nikamweleza, mtu wa Kawetele, mwenye kushika ufunguo. Ikawa kwamba anamjua. Aliwahi kumshonea kaunda suti ya arusi ya binti yake, zamani.

Baba akakiweka kichupa mezani polepole, akakisogeza mbali kwa ncha ya kidole.

"Kesho tutakwenda wote," alisema.

Nilimwambia nitakwenda peke yangu. Nilimwambia hajavuka barabara tangu mwezi wa Ramadhani. Aliingia ndani, na nikamsikia akimwomba Mama amtolee koti lake jeusi.

Asubuhi tulitoka baada ya chai. Mama alisimama mlangoni ameshika kitambaa mdomoni. Baba alivaa koti, kofia ya kufuma na viatu ambavyo vilikuwa vimeota ukungu kwa kukaa. Kichupa kilikuwa mfukoni mwake. Alikataa nikibebe mimi. Mvua ilikuwa nyembamba, ile ya kwetu isiyohesabiwa kuwa mvua. Kutoka mjini hadi kituoni ni mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kwa mtu mzima. Sisi ulituchukua asubuhi yote.

Alitembea karibu na ukingo wa barabara, mkono mmoja kwenye majani ya mashamba ya chai, kana kwamba anashika ukuta. Lori lilipopita alisimama akafumba macho. Nilimwona jasho likimtiririka kwenye baridi ile. Mara ya kwanza alisimama karibu na mashine ya kusaga, akasema tupumzike. Mara ya pili alitapika. Tulipofika kwenye daraja dogo la mto hakuweza kuendelea. Si daraja la kutisha. Watoto wa shule wanalipita wakikimbia. Yeye alilitazama, midomo imekauka, mikono imekufa ganzi, akaniambia anakufa. Hakuniambia kama mtu anayelalamika. Alikuwa akinipa taarifa.

Nikamshika mkono.

"Usinishike, mwanangu," alisema. "Ukinishika nitarudi."

Nikamwachia. Alichutama palepale kwenye changarawe, kichwa katikati ya magoti, na mimi nikasimama kando ya mtu anayeniambia anakufa, mikono yangu sina pa kuiweka. Mama mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi alisimama, akauliza kwa Kinyakyusa kama mzee anaumwa. Nikamwambia anapumzika. Akasimama nasi kidogo, mkungu kichwani, kisha akaenda zake. Sijui ilipita dakika ngapi. Nilikuwa mtu wa kuhesabu sekunde na siku hiyo sikuhesabu. Baba akainuka, akavuka daraja akitazama viatu vyake, na upande wa pili hakusimama, akaendelea kutembea, na mimi nikawa nyuma namfuata.

Kituoni Daktari alikuwa anaandika. Aliinuka akasema shikamoo mzee, Baba akaitikia marahaba, akatoa kichupa mfukoni, akakiweka mezani juu ya karatasi.

"Hiki kimetoka nyumbani kwangu," alisema. "Kilichukuliwa kwa ajili yangu. Mzee wa Kawetele hahusiki."

Daktari alikitazama kichupa, akanitazama mimi. Nikasema ni kweli, ni mimi. Daktari akauliza kama Baba amekitumia. Baba akasema hapana. Daktari akakikagua kifuniko, akaketi, na ndipo nilipoona kwamba alichoogopa hakikuwa kupotea kwa kichupa.

Akanituma Kawetele nimwite Mzee, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilimkuta anapalilia maharage yaliyopandwa katikati ya migomba. Nilipiga magoti kwenye tope, kama walivyotufundisha jirani zetu kumsalimu mkubwa, nikamwambia. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Nilikuona," alisema. "Maparachichi uliyapanga vizuri mno."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Nilidhani utasema jana ileile," akajibu, akainama kumalizia tuta lake.

Alirudi kazini Alhamisi. Kwa zaidi ya mwezi hakunisalimu asubuhi, na mimi sikumlaumu. Nilimsalimu, akapita.

Niliporudi kutoka Kawetele siku ile niliwakuta Daktari na Baba wameketi chumba cha pili, mlango umerudishwa. Walikaa humo muda mrefu. Sijui walisemezana nini, na hakuna kati yao aliyewahi kunieleza. Baba alitoka na barua ya kwenda kwa daktari wa akili, hospitali ya Mbeya, na macho yake yalikuwa mekundu. Daktari akamrudisha mjini kwa pikipiki ya kituo. Nilimwona Baba akiwa nyuma, amemkumbatia yule mtu wa sweta la kijivu kwa mikono miwili, kofia imemshuka masikioni.

Nilidhani nimefukuzwa. Daktari aliporudi nikamwambia na lile jingine, la sekunde, kwa sababu nilikuwa nimechoka kubeba mambo. Hilo lilimuuma zaidi ya wizi. Alileta daftari zangu, akazifungua ukurasa hadi ukurasa, akaniuliza wapi na wapi. Sikuweza kumwonyesha. Sekunde za uongo zilikuwa zimechanganyika na za kweli. Akapiga mstari kuanzia wiki ya tatu mpaka mwisho, kazi ya miezi miwili, akasema tutarudia. Na safari hii yeye atakaa na saa, Mzee atazijaza sindano, mimi nitachoma na kushika waya, na sitazijua rangi.

Tulirudia na panya wapya. Kazi ya waya ilikuwa mbaya zaidi sasa kwa sababu sikuwa na kitu cha kutazamia. Niliwabana, wakalia, nikawatoa. Kila kundi lilipomaliza, panya waliuawa ili ubongo wao upimwe. Hilo tulilifanya tangu mwanzo na sikuwa nimemwambia Baba. Yule aliyenawa uso nilimshika mimi mwenyewe. Alikuwa na joto, na hakuhangaika mkononi mwangu.

Bahasha ilifunguliwa mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Daktari aliisoma, akanipa niisome. Dawa ilikuwa ya uzi wa buluu. Panya wa buluu walikuwa wamekaa nje zaidi ya wenzao, hawakuwazidi kwa mengi lakini ilionekana wazi. Wekundu walikuwa wa maji ya chumvi. Yule panya wangu hakupewa kitu chochote. Alikuwa hivyo tu, kama walivyo baadhi ya watu.

Niliusoma ukurasa ule mara tatu. Nikamwambia Daktari kwamba ningempa baba yangu maji ya chumvi. Akasema ndiyo, na kwamba pengine yangemsaidia siku tatu kama kisomo cha Shehe, na hapo ndipo tungeharibikiwa kabisa, kwa sababu ningerudi kuiba kingine.

Majibu yalipelekwa kwa mwalimu wake. Mwaka uliofuata fedha za kazi ile ziliisha, panya wa mwisho wakaondolewa, na vyumba vile vikawekwa mbegu za pareto. Daktari akaenda kufundisha chuo. Miaka mingi baadaye nilimwandikia kumwuliza dawa ilifika wapi. Akajibu kwa ukurasa mmoja kwamba dawa za namna ile zimejaribiwa kwa watu sehemu mbalimbali, na kilichofanya kazi kwa panya hakikufanya kazi vilevile kwa binadamu, na hakuna anayejua hasa kwa nini. Aliniuliza hali ya Baba.

Baba alikuwa amekwenda Mbeya mara kadhaa, akapewa vidonge vilivyomlaza sana, akaviacha, akapewa vingine. Daktari wa huko alimwambia atembee kila siku mpaka mahali panapomtisha, akae hapo, asikimbie. Basi akawa anakwenda darajani. Mama alimsindikiza mwanzoni, baadaye akachoka akamwacha aende mwenyewe. Cherehani aliifunua tena, ila hakushona nguo mpya. Alichukua mitumba ya watu, suruali za wanaume wakubwa wa nchi za mbali, akazipunguza kiuno, akazikata miguu, akazitia viraka. Siku za mnada alipanda hadi Kiwira, akaketi na cherehani yake pembeni ya wauza mabelo walewale, na foleni ilikuwa ndefu.

Hofu haikumtoka. Kuna asubuhi alizoamka nayo, tukajua kwa jinsi alivyoshika kikombe. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya maabara ya hospitali, Mbeya, na nilikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mara moja nilimkuta katika hali hiyo, jasho linamtoka, mvua iko nje. Nikajiandaa kumwambia leo apumzike. Alikuwa tayari anavaa koti. Nikamwuliza kama niende naye.

"Njoo," alisema, "lakini utembee nyuma."

Nikachukua mwavuli nikamfuata.